Tiketi ya kutwa ya London: acha kadi ijihesabie

Mgeni anayekuja London kwa siku chache mara nyingi huulizia tiketi ya kutwa, ile unayolipia asubuhi mara moja kisha ukapanda mabasi na treni mpaka usiku. Ipo. Inaitwa Day Travelcard, inauzwa kwenye mashine za vituoni, na kwa watu wengi ni hasara tupu. Kwa bei zilizoanza Machi 2025, ya mtu mzima ilianzia pauni 16.60. Aliyegonga kadi yake ya benki kwenye geti na kuzunguka katikati ya jiji siku nzima hakukatwa zaidi ya pauni 8.90. Treni ni zilezile, vituo ni vilevile.

Tofauti hiyo inaletwa na kikomo cha siku. Kila ukigonga kadi, mfumo wa TfL, mamlaka ya usafiri ya jiji, unajumlisha nauli zako. Jumla ikifika kikomo, unaendelea kugonga kama kawaida lakini hukatwi tena. Siku inaanza saa 10:30 alfajiri na kuisha saa 10:29 alfajiri ya kesho yake, kwa hiyo anayerudi nyumbani saa 8 usiku bado anahesabiwa kwenye siku iliyotangulia. Hilo lina maana Ijumaa na Jumamosi, ambapo baadhi ya njia za chini ya ardhi hufanya kazi usiku kucha. (Saa zote hapa ni za Kiswahili. Mabango ya kule yataandika 04:30, na wapo wanaochanganya.)

Kikomo hutegemea kanda ulizopita. Kanda 1 ndiyo katikati ya jiji, na nyingine zimeizunguka hadi kufika 6, uliko uwanja wa ndege wa Heathrow. Zipo mpaka 9, lakini mgeni hafiki huko mara nyingi. Kwa bei hizo za 2025, kikomo cha kanda 1 na 2 kilikuwa pauni 8.90, mpaka kanda 3 kilikuwa 10.50, mpaka 4 kilikuwa 12.80, mpaka 5 kilikuwa 15.30, na mpaka 6 kilikuwa 16.30. Kwa kawaida bei hupitiwa upya kila Machi, kwa hiyo angalia za mwaka unaosafiri. Mpangilio wenyewe haubadiliki sana.

Chukua mtu aliyefikia kanda 2 ambaye shughuli zake ziko kanda 1. Kwa bei hizo za 2025, asubuhi saa za msongamano analipa 3.50, mchana anarudi kupumzika kwa 2.90 na kutoka tena kwa 2.90, jioni anarudi kwa 3.50. Jumla 12.80, lakini anakatwa 8.90 na safari zote zitakazofuata usiku huo ni bure. Akiwa na safari mbili tu siku hiyo, analipa hizo mbili basi. Tiketi ya karatasi ingemlazimisha kukisia asubuhi atazunguka kiasi gani, na mgeni hukisia vibaya karibu kila mara. Pia kuna kikomo cha wiki, Jumatatu hadi Jumapili. Anayefika Alhamisi na kuondoka Jumatano hagusi faida yake kwa sababu wiki yake imekatwa vipande viwili.

Mabasi yana hesabu yao, nayo ni ya neema. Kwa bei za 2025 nauli ilikuwa pauni 1.75 popote uendako, na ndani ya saa moja tangu ulipogonga mara ya kwanza unaweza kupanda mabasi mengine bila kulipa tena. Anayetumia mabasi na tramu pekee hakatwi zaidi ya nauli tatu kwa siku, yaani 5.25 kwa bei hizo. Mwenye muda na asiye na haraka ya kufika, basi ndilo usafiri wa kuonea jiji. Noti na sarafu usihangaike nazo: mabasi ya London hayapokei fedha taslimu tangu Julai 2014, na dereva hatakuonea huruma.

Sasa tuje kwenye makosa ya kugonga, maana hapo ndipo fedha za wageni zinapotea.

Kwenye basi na tramu unagonga mara moja tu: unapopanda basi, au kituoni kabla ya kupanda tramu. Kwenye treni zote unagonga unapoingia na unapotoka, hata kama geti liko wazi, hata kama hakuna geti kabisa. Mtego mkubwa ni DLR, treni nyepesi za upande wa mashariki zinazopita Canary Wharf na Greenwich. Vituo vyake vingi havina geti. Kuna nguzo yenye mashine ya kugongea, na watu huipita kwa kuwa hakuna kinachowazuia. Usipogonga wakati wa kutoka, mfumo haujui ulishukia wapi, unakukata nauli ya juu kabisa, na nauli hiyo haiingii kwenye hesabu ya kikomo. Usipogonga wakati wa kuingia ni balaa zaidi, kwa sababu mkaguzi akikukuta ndani ya treni faini ni pauni 100, inashuka hadi 50 ukilipa ndani ya siku 21.

Ukikaa ndani ya mageti muda mrefu kupita kiasi, pia mfumo huona safari mbili ambazo hazikukamilika. Usimngojee ndugu yako ukiwa ndani kwenye jukwaa la treni kwa saa nzima. Toka, mkutane nje.

Kosa jingine ni kubadilisha kadi katikati ya siku. Kadi ya plastiki na kadi hiyohiyo iliyowekwa kwenye simu ni vitu viwili mbele ya mashine, ingawa fedha zinatoka akaunti moja. Ukiingia na simu ukatoka na plastiki, umepata safari mbili pungufu na kikomo chako kimegawanyika. Chagua kimoja na ushikamane nacho. Simu ina hatari yake: ikizima chaji kati ya kituo na kituo, huna cha kugongea getini. Na toa kadi kwenye pochi kabla hujafika getini, usije ukagonga pochi nzima yenye kadi tatu na mashine ikachagua ile usiyoitaka.

Kila mtu na kadi yake. Mume na mke hawawezi kupokezana kadi moja getini, na hili huwashangaza waliozoea mmoja kulipia nauli ya wote.

Halafu kuna mashine za rangi ya waridi, ambazo hata wakazi wengi hawazielewi. Ziko kwenye vituo vya kubadilishia treni kama Highbury & Islington na Canada Water. Kazi yake ni kuujulisha mfumo kwamba umezunguka bila kupita kanda 1, ili upewe nauli ndogo. Unaigonga katikati ya safari unapobadilisha treni. Haianzishi safari wala haiimalizi, kwa hiyo bado utagonga ile mashine ya kawaida, ya njano, mwishoni.

Saa za msongamano ni Jumatatu hadi Ijumaa, saa 12:30 hadi 3:30 asubuhi, na saa 10 jioni hadi saa 1 usiku, sikukuu zikitolewa. Kama ratiba yako inaruhusu, kutoka saa 3:31 kunapunguza nauli. Kinachohesabiwa ni dakika uliyogonga kuingia.

Kadi ipi? Ya benki ya Dar, Nairobi au Muscat inafanya kazi ikiwa ni Visa, Mastercard au American Express na ina alama ya mawimbi ya kugonga bila kuchomeka. Piga simu benki kabla ya safari, uhakikishe imefunguliwa kwa matumizi ya nje na kwa malipo ya kugonga. Kadi za kulipia kabla ndizo husumbua zaidi. TfL hujumlisha safari za siku nzima na kukata mara moja usiku, kwa hiyo benki inabadilisha fedha mara moja kwa siku. Kama makato ya benki yako kwa miamala ya nje ni makubwa, au kadi ina salio la kubahatisha, nunua Oyster. Hii ni kadi ya TfL yenyewe, unaijaza salio kwenye mashine ya kituo au kwenye maduka mengi ya mitaani, na vikomo vya mtu mzima ni vilevile. Ada ya kununua kadi hairudishwi. Salio dogo, mpaka pauni 10, unaweza kulirudisha kwenye mashine ya kituo siku ya kuondoka, au umwachie mwenyeji wako kadi nzima.

Oyster ina sababu nyingine: watoto. Chini ya miaka 11 husafiri bure kwenye mabasi na, wakiwa na mtu mzima, kwenye treni za TfL, hadi watoto wanne kwa mtu mzima mmoja. Pitieni geti pana. Wa miaka 11 hadi 15 hulipa nusu, lakini si kwa kadi ya benki. Mnunulie Oyster, kisha mwombe mfanyakazi wa kituo aiwekee punguzo la mgeni kijana, linalodumu hadi siku 14. Fanya hivyo kituo cha kwanza kabisa, maana safari za kabla ya hapo hukatwa kama za mtu mzima.

Ukishukia Heathrow, treni ni tatu na bei ni mbalimbali. Njia ya Piccadilly ndiyo ya bei ndogo, pauni 5.80 kwa bei za 2025, na inachukua karibu saa nzima kufika katikati. Ya Elizabeth ilikuwa 13.90 kwa bei hizo na ni ya kasi zaidi. Heathrow Express ni ghali kuliko zote na haimo kwenye kikomo, lakini inapokea kadi ya kugonga bila kukuuliza, kwa hiyo soma jina la treni kabla ya kupanda. Kwenye viwanja vya ndege vya Luton na Stansted, Oyster haitumiki. Haitumiki pia kwenye njia ya Elizabeth kuelekea Reading ukishapita West Drayton. Huko gonga kadi ya benki. Boti za mto Thames zinalipiwa kando, hazihesabiwi kwenye kikomo.

Karatasi bado ina watu wake: asiye na kadi inayofanya kazi na asiyetaka kulipia Oyster kwa siku moja tu, au anayekuja asubuhi kwa treni kutoka mji mwingine na kununua tiketi ya kwenda na kurudi iliyojumuisha Travelcard. Ile ya nje ya msongamano ya kanda 1 hadi 6 ilikuwa pauni 16.60 kwa bei za 2025, na siku za kazi inaanza kutumika saa 3:30 asubuhi.

Kila baada ya siku moja au mbili, ingia kwenye tovuti ya TfL, fungua akaunti, sajili kadi yako na utazame orodha ya safari. Safari pungufu itaonekana, na unaweza kuijazia kituo kinachokosekana na kudai tofauti irudishwe. Kwa Oyster, fanya hivyo ungali London, kwa sababu marejesho mengi huingia kwenye kadi pale tu utakapoigonga tena.