Kibano cha kidoleni hakioni kila kitu

Pole sana kwa kuuguliwa, ndugu yangu. Umeuliza kwa nini mama anatolewa damu kila baada ya saa chache huko kwa wagonjwa mahututi, ilhali kidoleni ana kile kibano chenye taa nyekundu. Kibano kinasoma oksijeni na mapigo ya moyo tu. Hakioni kabonidioksidi, wala asidi ya damu (kipimo chake, pH, kinatakiwa kiwe 7.35 hadi 7.45), wala potasiamu (madini yaliyomo kwenye damu), ambayo ikipanda sana moyo unaweza kusimama ghafla.

Ule mrija mwembamba wa mkononi umeingia kwenye ateri, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni. Unaonyesha presha kila moyo unapopiga, na damu inavutwa hapohapo bila kumchoma upya. Ila ikijumlishwa, damu hiyo si kidogo. Waulize wauguzi kama wanaweza kuchukua damu kwa vichupa vidogo vya vipimo vya watoto, ili itolewe kidogo.