Pasiwodi ni sahihi, lakini kompyuta yanirudisha mlangoni

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Nina saiba ndogo hapa Langoni, Lamu. Kompyuta moja inatumia Ubuntu 22.04 na ina kadi ya picha ya NVIDIA. Juzi usiku niliikubalia masasisho, ikaleta kerneli mpya. Tangu hapo naandika pasiwodi, skrini inakuwa nyeusi sekunde mbili hivi, halafu inanirudisha palepale. Nikiandika pasiwodi ya uongo inaniambia nimekosea. Nikiandika ya kweli haisemi neno. Kijana mmoja ameniambia dawa ni kufuta diski na kuweka Ubuntu upya. Ndani mna kazi za wateja ambazo sijazipiga chapa. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu yangu. Mwambie huyo kijana angoje kwanza. Mimi mwenyewe, nikianza kazi hii hapa Malindi, niliwahi kumfutia mtu diski nzima kwa ugonjwa huuhuu, na hadi leo nikimwona naona haya.

Jaribio lako la pasiwodi ya uongo limekwisha kujibu nusu ya swali. Mashine inakutambua, kinachokufa ni kile kinachofuata, yaani kuwasha skrini yako ya kazi. Ninyi watu wa Lamu mnaijua milango. Hapa umewekewa miimo mipya, yaani kerneli, kiini cha mfumo, lakini bawaba zimebaki zilizopimwa kwa miimo ya zamani. Ufunguo unazunguka vizuri, mlango haufunguki. Bawaba hizo ni draiva ya NVIDIA, programu inayoiendesha kadi ya picha: lazima ijengwe upya kwa kila kerneli inayokuja. Kazi hiyo hufanywa na programu iitwayo DKMS, nayo haiwezi kujenga kitu kama pakiti ya linux-headers (faili za kujengea) ya kerneli hiyo haipo.

Bahati nzuri Ubuntu haitupi kerneli ya zamani mara moja. Zima, washa, na mara tu mashine inapoamka bonyeza Esc mara moja (kama ni mashine kuukuu yenye BIOS, shikilia Shift). Chagua "Advanced options for Ubuntu", kisha kerneli yenye namba ndogo, ile isiyoandikwa "recovery mode". Ukiingia salama, jambo la kwanza nakili kazi za wateja kwenye flashi. Ukarabati utafuata.

Sasa rudi kwenye kerneli mpya. Pale pa pasiwodi bonyeza Ctrl+Alt+F3. Utapata skrini nyeusi ya maandishi. Ingia kwa jina na pasiwodi yako ileile, kisha andika:

uname -r
dkms status

Amri ya kwanza inakutajia kerneli uliyomo. Ya pili itazame kwa makini: kama mstari wa nvidia unaitaja kerneli ya zamani tu, tumempata mwizi. Endelea:

sudo apt install linux-headers-$(uname -r)
sudo dkms autoinstall
sudo reboot

Mara nyingi inaishia hapo. Ongeza pia linux-headers-generic-hwe-22.04, ili masasisho yajayo yaje na pakiti zake yenyewe. Kama kerneli mpya imekunyima na Wi-Fi, fanya kazi hii ukiwa ndani ya kerneli ya zamani, ila mahali pa $(uname -r) andika namba ya ile mpya, na dkms autoinstall uiambie kwa -k na namba hiyohiyo.

DKMS ikikataa kujenga, isikutishe. Ubuntu 22.04 ilipoletewa kerneli ya 6.5, kerneli hiyo ilikuwa imejengwa kwa gcc-12 (gcc ndiyo programu ya kujengea programu nyingine), na mashine nyingi zilikuwa na gcc-11 peke yake. Watu walihangaika usiku kucha, kumbe dawa ilikuwa sudo apt install gcc-12. Sababu huandikwa kwenye faili la make.log, ndani ya /var/lib/dkms/nvidia.

Kama nvidia haimo kabisa kwenye dkms status, huenda aliyekuwekea draiva alipakua faili la .run na kulisukuma kwa mkono. Liondoe, kisha tumia sudo ubuntu-drivers install.

Halafu kuna Secure Boot, ulinzi unaokataa programu isiyo na saini wakati mashine inawaka. Ikiwa imewashwa, draiva iliyojengwa hapo nyumbani inahitaji kibali, na kibali huombwa kwenye skrini ya buluu mara moja tu baada ya kuwasha upya. Ndiyo ile ambayo kila mtu huigonga Enter ipite! Andika mokutil --sb-state ujue hali yako.

Ikiwa hata kerneli ya zamani inakurudisha mlangoni, huenda kosa si la draiva. Andika df -h uone kama diski imejaa. Kama stima ilipotea katikati ya masasisho, sudo dpkg --configure -a huyamalizia yaliyokwama.

Usiguse apt autoremove, amri inayoweza kufuta kerneli za zamani, mpaka kerneli mpya ikuingize siku mbili tatu bila matata. Na make.log ikikupa maneno usiyoyaelewa, piga picha mistari ishirini ya mwisho unitumie. Mistari ya juu huwa kelele tu.