Ndimu, asali na chembe ya chumvi: majibu kuhusu sosi ya saladi ya matunda

Msimu wa maembe umefika, na maswali mengi niliyopokea safari hii ni ya saladi ya matunda, hasa hicho cha kumwagia juu yake. Nimechagua yale yanayojirudia. Msimamo wangu nautaja mapema: sosi ya matunda iwe kidogo, na uchachu wake uzidi utamu. Utamu tayari umo ndani ya tunda.

Shikamoo mama. Nataka sosi rahisi ya kutengeneza nyumbani. Sina blenda wala vitu vya supamaketi. Nianzie wapi? (Morogoro)

Marahaba mwanangu. Anzia kwenye ndimu. Kwa bakuli la kutosha watu wanne au watano, kamua ndimu upate vijiko vitatu vya chakula. Ndimu ikiwa ngumu, iviringishe mezani kwa kiganja kabla ya kuikata, itatoa maji zaidi. Mimina juisi hiyo kwenye chupa ya jamu iliyooshwa na kukauka, ongeza vijiko viwili vya chakula vya asali, juisi ya nusu chungwa, tangawizi mbichi iliyokwaruzwa nusu kijiko cha chai, na chumvi ile inayobanwa na vidole viwili. Funga mfuniko, tikisa mpaka usione tena asali imelala chini. Basi.

Chumvi wengi huiruka wakidhani nimekosea kuandika. Sijakosea. Chembe chache hupunguza uchungu wa maganda na wa tangawizi, na utamu wa tunda unajitokeza wenyewe. Wanaokula embe bichi kwa chumvi na pilipili ufukweni hawahitaji kuelezwa jambo hili.

Kuonja nako kuna namna yake. Usilambe sosi kwa kijiko, maana ikiwa peke yake itakukunjisha uso na utakimbilia kuongeza asali. Chovya kipande cha papai, kula, ndipo uamue. Asali ikiwa imeganda, isimamishe chupa kwenye bakuli la maji ya moto kiasi mpaka ilainike. Ukibahatika kupata asali ya nyuki wadogo, ambayo ni nyepesi na ina uchachu wake, punguza ndimu. Na kama asali hakuna, yeyusha vijiko viwili vya sukari kwenye vijiko viwili vya maji ya moto, acha ipoe kabisa, kisha endelea vilevile.

Ndizi hunigeukia nyeusi kabla wageni hawajafika. Nazidisha ndimu lakini wapi! (Mombasa)

Ndimu hupunguza kasi ya weusi, haiukomeshi, hivyo kuizidisha ni kuharibu ladha bila faida. Ndizi ikikatwa, kimeng'enya kilichomo ndani yake hukutana na hewa na kuanza kuibadilisha rangi. Parachichi na epo nayo ni vivyo hivyo. Dawa yake iko kwenye mpangilio wa kazi. Kata nanasi, chungwa na embe kwanza, hayo huvumilia. Ndizi iache kwenye ganda lake mpaka mwisho, kisha uikatie ndani ya bakuli ambalo tayari lina sosi, na uigeuze taratibu ili kila kipande kipate unyevu pande zote mbili. Chagua ndizi iliyoiva lakini bado imara. Ile yenye madoadoa ni tamu kuila mkononi, ila kwenye saladi itapondeka.

Nilichanganya mtindi na nanasi na papai usiku nikaweka frijini. Asubuhi mtindi ulikuwa majimaji na una uchungu. Je, ulikuwa umeharibika? (Mwanza)

Kama uliununua mzima na frijini kulikuwa na baridi ya kutosha, mtindi haukuwa na kosa. Waliofanya hayo ni nanasi na papai. Nanasi bichi lina bromelaini na papai lina papaini, vimeng'enya vinavyokatakata protini. Ukitaka kuviona kazini, mtazame mpishi wa mishkaki anayepaka nyama papai bichi ili ilainike. Papai likiiva nguvu hiyo hupungua sana lakini haiishi yote, na nanasi lililoiva bado linayo, ndiyo maana ukila vipande vingi ulimi unawasha. Sasa vipe vimeng'enya hivyo usiku mzima na protini ya maziwa: mtindi unalegea, unaachia maji, na vipande vya protini vinavyobaki ndivyo vyenye uchungu ule.

Una njia tatu. Ya kwanza, na ndiyo ninayoipenda, ni kuweka mtindi mezani kwenye bakuli lake, kila mtu ajimiminie anapokula. Ya pili ni kuchemsha vipande vya nanasi dakika chache na kuviacha vipoe, kwa kuwa moto huviua vimeng'enya. Nanasi la kopo nalo halina shida kwa sababu limeshapita kwenye moto. Ya tatu ni kuacha nanasi na papai kwa siku hiyo na kutumia embe, ndizi na chungwa.

Sosi yenyewe ya mtindi iwe hivi: kikombe kimoja cha mtindi mzito usio na sukari, kijiko kimoja cha asali, juisi ya nusu ndimu, iliki iliyosagwa robo kijiko cha chai. Mtindi wa kwetu mara nyingi ni mwepesi, kwa hiyo umwage kwenye kitambaa safi juu ya chujio, uuache frijini saa moja au mbili uchuje maji. Utapata kitu kinachoshika tunda badala ya kuteleza mpaka chini ya bakuli.

Mtoto wangu ana miezi kumi na anakula tunachokula. Naweza kumpa matunda yenye sosi ya asali? (Nairobi)

Hapana, mama. Asali haipewi mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata tone la kulamba. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria wanaosababisha ugonjwa wa botulizimu, na utumbo wa mtoto mchanga bado hauwezi kuzizuia. Mtengee matunda yake yaliyopondwa kabla hujamwagia sosi. Hahitaji chumvi wala utamu wa ziada.

Mume wangu ana kisukari. Nimeambiwa asali haina madhara kama sukari, ni kweli? (Dodoma)

Dada yangu, asali ni sukari. Inapandisha sukari ya damu, hata ikiwa imetoka msituni moja kwa moja. Mtengenezee sosi isiyo na utamu wa kuongeza: kamua ndimu moja, ongeza nyama ya pasheni mbili pamoja na mbegu zake, majani machache ya mnanaa yaliyokatwakatwa na tangawizi kidogo. Pasheni ina harufu inayomfanya mlaji asiulize asali iko wapi. Lakini sosi ndiyo sehemu ndogo ya hesabu yake, kubwa ni kiasi cha matunda anachokula kwa mkupuo mmoja. Hilo mlipange na wahudumu wa kliniki yake, wanaomjua na wanaojua dawa zake.

Tui la nazi linafaa kwenye matunda? Bibi yetu hapendi mtindi. (Unguja)

Linafaa sana, na kwa embe dodo lililoiva mimi naliweka mbele ya mtindi. Chukua tui zito la kwanza, kikombe kimoja, weka kwenye moto mdogo pamoja na sukari kijiko kimoja, iliki na chumvi chembe. Koroga bila kuacha mpaka lianze kufuka moshi na kuwa zito kidogo, kisha epua kabla halijachemka kwa nguvu, maana litakatika. Lipoe kabisa ndipo umwagie. Usilitie ndimu, nayo hulikata. Ukitaka uchachu, weka vipande vya chungwa pembeni ya sahani. Tui lililokamuliwa nyumbani huchacha upesi kwenye joto, kwa hiyo tengeneza la kuisha siku hiyo hiyo.

Nauza matunda kwenye vikombe maofisini. Nikimwagia sosi asubuhi, mchana kikombe kimejaa maji na tikiti limelegea. Nifanyeje? (Dar es Salaam)

Sukari, asali na chumvi huvuta maji kutoka kwenye tunda, na tikiti ndilo la kwanza kuyatoa. Usichanganye kabla. Weka sosi kwenye vikopo vidogo vyenye mfuniko, umpe mteja pamoja na kikombe chake, amwagie mwenyewe. Ile ya ndimu na asali unaweza kuitengeneza mara moja ikakaa frijini siku tatu. Ya mtindi tengeneza asubuhi ya kuuza, na isafiri kwenye barafu.

Kubwa zaidi kwako ni joto. Matunda yaliyokatwa yasikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili, na siku ambazo joto linapita nyuzi 32, na hapo Dar unazijua, mwisho ni saa moja. Uchachu wa ndimu usikudanganye kwamba utayalinda. Osha matunda kabla ya kuyakata, hata tikiti na nanasi ambayo maganda yake hayaliwi, kwa sababu kisu hupitisha uchafu wa ganda mpaka ndani. Kibao cha nyama kisiguse matunda. Na nunua kiboksi cha barafu kabla hujanunua vikombe vizuri zaidi.