Kujenga njia ya treni ndogo kwa mkono: anza na shaba na risasi

Ndugu yetu wa Arusha ameuliza kama mtu ambaye hajawahi kushika pasi ya kulehemu anaweza kujijengea njia ya modeli ya reli yetu ya mita (ile yenye upana wa mita moja kati ya reli na reli), au bora aagize ya dukani. Anaweza kabisa, na kwa reli ya mita ningemshauri ajenge hata kama hela ya dukani anayo.

Sababu ni hesabu. Huku Uingereza ninakoishi, modeli nyingi ni za skeli ya 1:76 (kwa usahihi 1:76.2), yaani kitu halisi kimepunguzwa mara 76, na njia ya dukani ina upana wa milimita 16.5 kati ya reli na reli. Lakini reli halisi ni milimita 1,435. Gawa kwa 76.2 unapata 18.83. Ukiitazama treni kwa mbele unaona kabisa kwamba imebanwa miguu. Ndiyo maana wapo wanaojenga kwa 18.2, kipimo kinachoitwa EM, na wapo wanaokwenda hadi 18.83 kamili, ambacho ni P4. Mimi nilianza na EM. Sasa reli ya mita kwa skeli hiyohiyo inatoka 13.1, na kwa 1:87 inatoka 11.5, ila dukani utapewa 12. Ukitaka Garratt la daraja la 59 (aina ya kichwa kikubwa cha treni ya mvuke), kama Mount Gelai lililopo makumbusho ya reli Nairobi, likae kwenye njia ya saizi yake, hiyo njia utaitengeneza wewe.

Anza na mataruma yaliyokatwa kwenye bodi ya saketi yenye shaba juu, reli uzilehemu moja kwa moja. Ya plastiki yanapendeza zaidi, sikatai, lakini gundi ikishashika imeshashika. Risasi ya kulehemu ukiigusa na pasi inayeyuka, unaisogeza reli kidogo, unaendelea. Kwa anayejifunza hilo ni jambo kubwa kuliko sura.

Chora mpango kwenye karatasi kwa upana unaoutaka (programu ya Templot inafanya kazi hiyo vizuri), bandika mataruma juu yake, kisha lehemu reli moja tu mwanzo hadi mwisho. Reli ya pili inaifuata ya kwanza kwa geji, kipande cha chuma kinachozishika reli mbili kwa upana sahihi. Usizipange zote mbili kwa macho. Sugua chini ya reli kwa msasa mpaka ing'ae, paka flaksi (dawa inayosaidia risasi ishike), pasi iwe na moto wa kutosha, gusa, risasi ikitiririka ondoa. Ukikawia, shaba inabanduka kwenye bodi. Katikati ya kila taruma kata shaba kwa tupa, la sivyo umeme utavuka reli hadi reli. Mwisho osha flaksi yote kwa maji.

Swichi, yaani pale njia moja inapogawanyika kuwa mbili, ndiyo inayowatisha watu, na kazi yake yote iko kwenye ile V ambapo reli mbili zinakutana. Gurudumu linapopita pale kuna pengo, na kinachozuia ukingo wake usiigonge ncha ya V ni reli ya kinga iliyo upande wa pili, inayolivuta gurudumu mwenzake kwa nyuma. Kwa hiyo kipimo cha kukilinda kuliko vyote ni kutoka uso wa reli ya kinga, ule unaoguswa na gurudumu, hadi uso wa V: 17.2 kwa EM, 18.15 kwa P4. Upana wa njia ukizidi kidogo hapo, treni itapita. Kipimo hiki kikipungua, behewa linapanda juu ya V na kuanguka. Kwa 13.1 chagua kwanza magurudumu, yote ya kiwango kimoja, ndipo uchongeshe geji kwa fundi wa mashine ya kukereza.

V yenyewe nailehemu pembeni, juu ya kibao chenye pembe iliyokatwa tayari, kisha naihamishia kwenye mataruma ikiwa kipande kimoja. Iache bila kugusana kiumeme na reli zinazoifuata, uipe waya wake, maana lazima ibadilishe upande wa umeme kila swichi inapogeuzwa.

Kabla ya kuleta kichwa cha treni, pima kwa multimita (kifaa cha kupimia umeme) kama reli mbili zinawasiliana, kisha sukuma behewa moja kwa kidole, taratibu, pande zote mbili. Linaporuka, weka geji palepale kwanza kabla hujashika tupa.