Jiko la mkaa litoke chumba cha mzazi

Hapa Tanga mwanamke akijifungua hukaa chumbani mpaka arubaini. Dirisha hufungwa mtoto asipigwe na upepo, jiko la mkaa huwekwa miguuni pa kitanda, jioni chetezo cha udi hupitishwa. Nimewauguza wazazi wengi kwetu Ngamiani. Kukandwa ni kuzuri, uji wa pilipili manga nao ni mzuri, ila jiko litoke.

Wengi huogopa moshi tu. Kumbe mkaa uliokolea, mwekundu, usiotoa moshi hata kidogo, ndio hatari kubwa chumbani, kwa sababu unatoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu kuliko oksijeni. Mdogo wangu alijifungua wakati wa masika, nepi zikawa zinakaushwa juu ya jiko humo humo. Akaanza kulalamika kichwa kinamgonga na moyo unamchafuka. Shangazi akasema ni uchovu wa uzazi. Tukamtoa ukumbini, kabla ya magharibi kichwa kimetulia. Kurudi chumbani, kikaanza upya. Ishike sana dalili hiyo: kichwa kinachopoa ukitoka na kuuma ukiingia. Ukimkuta mtu amelegea au hajitambui, mtoe nje kwanza, kisha mkimbize hospitali.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwemo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka 5. Kwa watoto hao, nimonia ndiyo inayotisha.

Maji yachemkie uani, yaletwe ndani yakiwa moto. Mengine yatiwe kwenye chupa ya chai. Joto la mtoto ni kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi, na kofia kichwani. Kitanda kisogezwe pembeni, dirisha liachwe wazi, kusi ipite. Nguo zifukizwe udi ukumbini. Mbu wazuiwe kwa chandarua chenye dawa, si kwa dawa ya kuwasha.

Bibi akisema mtoto atapata baridi, usibishane naye. Mwambie, "Bibi, naomba umpakate wewe." Mtoto akihema mbio, mbavu zikibonyea au akikataa ziwa, nendeni kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata kama arubaini haijatimia.