Muulize fundi: umeme unapita wapi?

Fundi, tuliambiwa shaba ndiyo inayopitisha umeme vizuri. Mbona nyaya za kwenye nguzo ni alumini? Tunapunjwa?

Hupunjwi. Hata shaba ina bingwa wake, nayo ni fedha, lakini nani atatandaza waya wa fedha barabarani? Alumini hupitisha kama asilimia 60 ya shaba, ila uzito wake haufiki theluthi. Ukiinenepesha ifanye kazi ileile, bado waya unakuwa na nusu tu ya uzito, na nguzo inapumua. Ndani ya nyumba baki na shaba. Alumini huota utando usiopitisha umeme, na pale ilipobanwa hulegea polepole, joto linapanda, mwisho soketi inanuka kuungua.

Mwanangu kaunganisha risasi ya penseli na betri, kibalbu kikawaka. Kumbe ina madini ya risasi?

Jina tu. Ile ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Grafiti ni kaboni, na baadhi ya elektroni zake huzurura kama za shaba. Almasi nayo ni kaboni, lakini zake zote zimefungwa, umeme haupiti. Mpongeze mtoto, ila aishie kwenye betri.

Nasikia maji safi hayapitishi umeme. Basi mkono uliolowa una shida gani?

Maji yaliyochujwa kabisa maabara hupitisha kidogo mno, kweli. Ya bombani, ya kisimani na jasho lako yana chumvi, na chumvi ikiyeyuka hutoa ayoni zinazobeba umeme. Usiguse swichi.

Nikiweka testa kwenye waya wa laivu na kidole juu yake, kitaa kinawaka. Umeme unapita mwilini mwangu?

Ndiyo, unapita! Bila wewe kitaa hakiwaki. Kinachokuokoa ni rezista iliyomo ndani ya mpini, yenye ukinzani wa kama ohmu milioni moja. Kwa volti 230, kinachopita hakifiki robo ya miliampea, na mwili hausikii kitu. Juzi nilifungua testa moja ya bei ya chee: springi imekutana na kitaa moja kwa moja, rezista hamna! Yaani kati yako na laivu kimebaki kitaa tu. Kabla hujalipa, fungua kifuniko cha juu, mimina vilivyomo kiganjani. Usipoona kijiti chenye mistari ya rangi au kipande cheusi cha kaboni, mrudishie muuzaji.