Maji ya Chumvi ya Kiwanda cha Ngozi: Je, Utando Utayaweza?

SWALI: Ndugu Mhariri, kiwanda chetu hapa Jinja huloweka ngozi zilizohifadhiwa kwa chumvi, na maji yanayobaki huwa na chumvi kali kuliko ya bahari. Tumeambiwa kwamba mashine za kuchuja kwa shinikizo hazitayamudu, bali yatamudiwa na ukenekaji kwa utando, yaani kuyageuza maji kuwa mvuke na kuupitisha kwenye karatasi nyembamba ya plastiki. Je, ni kweli?
Msomaji, Jinja

JIBU: Ndugu msomaji, ni kweli, lakini nakuomba utazame mafuta ya ngozi kabla ya kuitazama chumvi.

Mashine za shinikizo hulazimika kusukuma kwa nguvu zaidi kadiri chumvi inavyoongezeka, na zile za kawaida hufika kikomo chumvi inapokaribia gramu 70 kwa lita, yaani takriban mara mbili ya maji ya bahari. Ukenekaji kwa utando hausukumi maji. Maji machafu hupashwa joto, kwa kawaida kati ya nyuzi 40 na 80, kisha hupitishwa kwenye uso wa utando wa plastiki isiyoshika maji, wenye vitundu vidogo visivyozidi sehemu moja ya elfu ya milimita. Mvuke peke yake ndio unaopenya na kugeuka maji safi upande wa pili wenye baridi. Kinachoupenyeza mvuke ni tofauti ya kanieneo, yaani msukumo wake, kati ya upande wa moto na ule wa baridi. Kanieneo ya mvuke wa maji katika nyuzi 60 ni takriban mara sita ya ile ya nyuzi 25, na hata maji yaliyoshiba chumvi ya kawaida hupoteza kama robo tu ya kanieneo hiyo. Ndiyo maana njia hii huendelea kufanya kazi pale nyingine zinaposhindwa.

Gharama iko kwenye joto. Pasipo kulirudisha joto la mvuke kazini, mita moja ya ujazo ya maji safi hudai zaidi ya kilowati-saa 600, na kukata kuni kwa ajili hiyo kungekuwa kuondoa dhara moja kwa kuleta jingine. Tumieni joto linalopotea kwenye boila, au jua.

Sasa mafuta. Mafuta na sabuni huulowesha utando, na vitundu vikishalowa, maji ya chumvi hupita moja kwa moja. Kwa hiyo ni lazima vitu hivyo viondolewe kwanza. Amonia nayo hupita pamoja na mvuke maji yasiporekebishwa kwa asidi. Kumbukeni pia kutu: kiwanda cha chumvi cha Katwe, magharibi mwa Uganda, kilikwama baada ya mabomba yake kuliwa na maji ya chumvi, basi vifaa vya kupashia joto viwe vya plastiki au titani, metali isiyoliwa kirahisi na chumvi.

Chumvi yenyewe haitoweki. Itabaki katika maji mazito, yakihitaji mabwawa ya kukaushia yasiyovuja. Kung'uteni ngozi zikiwa kavu kabla ya kuziloweka, kwani chumvi isiyoingia majini haimgharimu mtu joto. Kisha jaribuni kipande kidogo cha utando kwa maji yenu wenyewe, kwa majuma kadhaa, mkipima kila siku chumvi ya maji yanayotoka: ikianza kupanda, utando umelowa.